Mwenye Gari

Melini, 4 Februari

Kaka mpendwa,

Salamu nyingi kutoka chumba cha injini. Natumai wewe, wifi na watoto hamjambo, na kile kifua chako kimetulia. Mimi mzima, ila masikio yanapiga mluzi hata nikiwa kitandani. Injini ya meli haijui Jumapili.

Kaka, nimelinunua. Lile gari jekundu, la milango miwili, ambalo likinguruma watu wanasimamisha mazungumzo. Usishike kichwa. Limetumika miaka minane, kwa hiyo bei ilishashuka mabegani mwa tajiri mwingine. Nyumba yangu nilimaliza kwanza. Sikukopa hata senti, nimeweka akiba miaka tisa. Na kando ya bei nimetenga theluthi nyingine ya kulitunza, kwa sababu uliniambia mwenyewe kwamba kununua ni harusi tu, ndoa inaanza kesho yake. Nimejipa sheria moja: likiungua leo, nilie siku moja, halafu nile chakula changu kama kawaida. Kama nisingeweza hivyo, ningeendelea kuliangalia kwenye picha.

Mkataba wangu huku umebaki miaka miwili. Litashushwa bandarini mwezi ujao kwa jina langu, na barua ya kukuruhusu kulichukua nimeambatanisha. Naomba likae gerejini kwako. Nani mwingine nimwamini? Baba alipofariki wewe ndiye uliyenisimamisha juu ya kreti nifikie boneti, ukanipa spana namba kumi, ukasema mwanamke anayejua kufungua nati hatalala njaa. Nimefika hapa kwa kreti ile.

Wasalimie wote.
Mdogo wako

*

Gerejini, 2 Machi

Kwako Nati, mdogo wangu,

Barua imefika, nasi tu wazima. Kifua kimetulia, wifi yako ndiye asiyetulia, anauliza shangazi wa watoto atarudi lini. Nakuombea afya na masikio mapya.

Gari limefika. Nililiendesha kutoka bandarini kwa mwendo wa kobe. Nimeliweka kona ya ndani kabisa, ukuta nyuma, turubai juu. Hata paka amekatazwa.

Sasa nikuambie ukweli kama fundi, si kama kaka. Gari hili ni mgonjwa anayedeka. Bima yake kwa mwaka ni bei ya pikipiki nzima. Tairi zake zinazeeka hata zikikaa tu, na nne hizo zinakula mshahara wako wa miezi miwili. Breki usiniulize. Na mkanda wa taimingi lazima ubadilishwe mwaka huu, uwe umeliendesha au hukuliendesha, na ili kuufikia ni lazima injini yote ishuke chini. Mkanda ule ukikatika, valvu zinagonga pistoni, na hapo huna injini, una chuma chakavu. Wengi wanaweza kulinunua gari kama hili. Wa kulilisha ni wachache, na wewe ni mmoja wao. Nimejivunia.

Nitaliwasha mara moja kwa wiki mbili, nizunguke nalo mtaa mmoja, nilirudishe. Hakuna mkono mwingine utakaoligusa.

Kaka yako

*

Melini, 20 Juni

Kaka,

Habari za siku nyingi. Hapa joto la chumba cha injini limefika mahali ambapo kalamu inateleza mkononi, lakini afya ipo.

Nimekutumia benki pesa ya mkanda, oili na mikono yako. Ndiyo, mikono yako pia. Usiniambie mambo ya undugu. Fundi analipwa. Tafadhali usikubali mkanda wa bandia, subiri wa kiwandani hata ukichelewa.

Kwenye barua yako fupi ya Mei umesema gereji imehamia kwenye uwanja mkubwa wa barabarani. Hongera sana. Kazi zimeongezeka?

Mdogo wako

*

Gerejini, 11 Septemba

Nati,

Salamu kutoka kwetu, hatujambo, watoto wamerefuka hata suruali zimekuwa kaptula. Kazi zimeongezeka, tena sana. Watu wa maana wananijia siku hizi, wenye magari yanayojua sabuni.

Mkanda tayari. Injini niliishusha mwenyewe, siku tano. Oili nimemwaga na kuweka mpya, lita tano safi kabisa. Linanguruma kama simba aliyeamshwa. Tairi sasa. Nimeona mpasuko kwenye mbili za nyuma, na ukibadilisha mbili badilisha nne. Tuma mapema, bei inapanda.

Kaka yako

*

Melini, 30 Oktoba

Kaka,

Natumai hamjambo. Pesa ya tairi nimetuma jana.

Jambo dogo. Umesema lita tano za oili. Injini ile inakunywa lita kumi na moja. Nimesoma kitabu chake mpaka kurasa zimelegea. Pengine ulikosea kuandika. Naomba unipigie picha ya dashibodi, nione kilomita, na picha ya ule mkanda wa zamani.

Mdogo wako

*

Gerejini, 15 Januari

Mdogo wangu,

Usinilaumu kwa kuchelewa, mambo yalikuwa mengi. Lita kumi na moja, ndiyo, kalamu iliteleza. Fundi wa miaka thelathini unamkagua kama mtoto wa darasa la kwanza? Mkanda wa zamani ulitupwa na takataka. Simu yangu kamera imevunjika.

Gari ni zima, juzi tu nimeliwasha. Bima inaisha mwezi ujao, usisahau kutuma.

Kaka yako

*

Nyumba ya wageni, 9 Februari

Kaka,

Sitakuuliza hali. Nimeiona.

Niliomba likizo na sikumwambia mtu. Jana saa nne asubuhi nilifika kwenye uwanja wako mpya. Ulikuwa umetoka. Fundi rangi wako alinikaribisha kiti, akaniuliza nina shida gani. Nikamwambia nimekuja kuona gari jekundu.

"La bosi?" akasema. "Umechelewa, mama. Lilikufa mwezi wa nane, katikati ya msafara wa harusi. Bibi harusi mwenyewe alishuka, akashika gauni, tukalisukuma gari."

"Bosi yupi?"

"Mwenye gari. Mwenye gereji hii. Kabla ya hapo lilikuwa linatoka kila Jumamosi, wakati mwingine harusi mbili kwa siku."

Mwezi wa nane, Kaka. Barua yako ya simba aliyeamshwa uliiandika mwezi wa tisa.

Alinifunulia turubai. Injini ipo chini, imefunguliwa, valvu zimepinda kama misumari iliyopigwa na mlevi. Mkanda uliokatika bado umening'inia. Ni ule ule wa zamani, namba za mwaka bado zinasomeka. Tairi ni zile zile zenye mpasuko. Nilihesabu kilomita: elfu nne zaidi. Mtaa mmoja gani huo uliozunguka?

Nikaenda nyumbani kwako. Wifi alinikumbatia, akanipa maji, akaanza kunipa pole. "Umesikia gari letu lilivyotuaibisha, wifi? Kaka yako alijinyima miaka mingi akalipata, sasa hata kulala halali." Makochi mapya, mapazia mapya, na ukutani picha yako umevaa suti, umeegemea mlango wa gari langu, funguo kidoleni. Nilikunywa maji yangu nikaaga. Sikuweza kumwambia mwanamke yule kwamba mumewe ameazima hata jasho.

Ulikuwa unajua ule mkanda ukikatika itakuwaje. Wewe ndiye uliyeniandikia. Nimetafuta usiku kucha mahali pa kuweka jambo hili na sipati.

Niko hapa mpaka kesho kutwa.

Mdogo wako

*

Gerejini, 10 Februari

Nati,

Nimekuja pale nyumba ya wageni mara mbili, mhudumu anasema umelala. Kwa hiyo naandika, ataipitisha chini ya mlango.

Sikuanza kwa ubaya. Wiki ya kwanza mteja mmoja alifunua turubai, akasema, "Fundi, kumbe una pesa hivi?" Nikacheka tu, sikukanusha. Kesho yake akaja na wenzake watatu, wote na kazi. Nati, miaka thelathini watu wananiita "wewe fundi." Wiki ile nilianza kuitwa mzee, na hata benki nilipewa kiti. Nikaona nikisema si langu watanivua nguo hadharani. Halafu mtu akaniomba kwa harusi, nikaona ni mara moja. Pesa ya mkanda ililipa kodi ya uwanja, nikasema nitairudisha kwa pesa ya harusi. Pesa ya harusi ikanunua makochi. Lilipokufa, nikaogopa. Nilidhani nikipata pesa ya tairi na ya bima nitaanza kuitengeneza injini kabla hujarudi.

Nipige, nitukane, lakini fungua mlango.

Kaka yako

*

Melini, 3 Mei

Kaka,

Natumai watoto hawajambo.

Gari nimeliuza. Mtu mmoja amelichukua kwa ajili ya bodi na giaboksi, chini ya robo ya nilichotoa. Kuitengeneza ile injini kungekula zaidi ya nusu ya bei ya gari, na mimi simwagi pesa nzuri kwenye shimo. Tulifanya kila kitu kwa mkono wa wakili, ndiyo maana hukuniona. Nimelia siku moja, nikala chakula changu. Kwa gari, sheria yangu imefanya kazi.

Nilipanga hesabu ya kila kitu, tairi, bima, breki, hata wizi na ajali. Wewe sikukuweka kwenye hesabu. Sikujua kama kaka naye hutengewa akiba.

Pesa ya mkanda, ya tairi, na ulizopokea kwenye harusi, sizidai. Nikikudai itabidi tuendelee kuandikiana, ukinilipa itabidi nishukuru, na shukrani yangu kwako niliitumia yote zamani. Watoto ni damu yangu, wao nitawaandikia. Wifi mwambie ukweli wewe mwenyewe. Asije akausikia mitaani.

Wewe usiniandikie.

Binti wa baba yako

*

Nyumbani, 28 Novemba

Mdogo wangu,

Umesema nisiandike, na naandika mara hii moja. Sina ombi.

Wifi yako nilimwambia. Hakupiga kelele. Aliishusha picha ukutani, akaniuliza kama kuna kingine ndani ya nyumba ambacho si chetu. Nikamwonyesha makochi. Yameuzwa. Siku hizi anaongea na mimi mambo ya chakula na ada tu.

Uwanja wa barabarani nimeshindwa kodi. Fundi rangi ndiye aliyeuchukua, mimi nafanya kazi kwake, nalipwa kwa kila gari. Watoto wamepata barua zako. Wanazisoma chumbani, mlango umefungwa, na sijawauliza umeandika nini.

Jumanne alikuja yule mteja wa kwanza kabisa, aliyefunua turubai. Kaleta gari lake lina kelele kwenye breki. Nikafungua tairi, nikaanza kazi, naye kasimama juu yangu. Akasema, "Mzee, lile jekundu lako umelificha wapi?" Uongo ulikuwa tayari mdomoni, Nati, umeshavaa nguo. Nikaweka spana chini. Nikamwambia, "Halikuwa langu. Lilikuwa la mdogo wangu wa kike, alilinunua kwa miaka tisa ya kufanya kazi baharini, akanipa nilitunze. Nililiua mimi."

Alingoja nirudishe tairi, akanilipa nusu saa niliyofanya, akawasha gari na kelele zake, akavuka barabara kwenda gereji ya ng'ambo. Nilimsindikiza kwa macho mpaka wakamfungulia geti.

Kaka yako