Maneno ya Mama Yako, Yote

Mpendwa Baba Nkwimba,

Nakuandikia nikiwa nimechoka. Barua hii naiandika hadharani kwa sababu barua mbili za mwanzo hukuzijibu.

Unakumbuka chama cha ushirika kilipoyumba na wanunuzi binafsi wa pamba wakaanza kuingia Bariadi? Ulikuwa karani wa mizani, na kampuni mpya ilitaka karani wa kuongea Kiingereza na mabosi. Cha kusoma ulikijua. Cha kuongea kilikutoa jasho. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, akakufundisha njia moja: mtu akimaliza kusema, usikimbilie kujibu. Kwanza mrudishie alichosema, kwa maneno yako na kwa ufupi, ajue umemsikia.

Tukafanya mazoezi kila Jumapili tukitoka kanisani. Bosi nilikuwa mimi. Nilikaa kwenye kigoda nikichambua mchele, nikiongea Kiingereza changu cha kidato cha nne kuhusu lori lililokwama na mvua iliyolowesha pamba, nawe umesimama mbele yangu ukinirudishia: "Kwa hiyo unamaanisha mzigo utachelewa." Tulicheka mpaka mama yako, asiyejua Kiingereza hata neno, akacheka nasi. Kazi ukaipata.

Halafu njia ile ukaja nayo nyumbani. Nkwimba akianza kukusimulia mambo ya shule, ulimmalizia kwa sentensi moja, naye akaenda zake kucheza. Mama yako alipopooza upande mmoja, nilimwogesha na kumgeuza mimi, shamba la Ngulyati likinisubiri, wewe ukiwa kwenye vituo vya kununulia pamba. Siku uliyorudi nilikueleza yote kwa Kisukuma, taratibu, sikubakiza kitu. Ukanijibu kwa Kiingereza: kwa hiyo unataka msichana wa kazi. Ukamleta kweli, na kesho yake ukaondoka. Mimi nilitaka ukae nasi japo siku mbili.

Mama alipofariki ulifika siku ya mazishi. Ukanivuta pembeni, ukaniuliza alisema nini mwishoni.

"Alikuombea heri," nikakujibu.

Ukaitikia kwa kichwa, ukaenda kusalimia wageni. Nilikukomoa, Baba Nkwimba. Nilikupa kifupi makusudi, na tangu uhamie Dar jambo hilo limenichosha kuliko jembe.

Sasa sikiliza. Siku ile ya mwisho, tangu asubuhi, aliniomba nisogeze kitanda karibu na mlango, aione barabara. Kila gari lilipopita aliuliza kama ni wewe, ng'wana wane, mwanangu. Alisimulia mwaka ng'ombe walipokufa, alivyokubeba mgongoni kutoka Ipililo hadi hospitali ukiugua surua, na njiani ukamwomba muwa. Hakuwa na muwa wa kukupa. Alisema mpaka leo anaufikiria. Akauliza kama huko uliko wanakupikia ugali wa mtama, maana wa mahindi haukushibishi. Nikamdanganya kwamba wanakupikia. Akasema hakulaumu, kazi ni kazi. Kisha akalia, muda mrefu, akaniomba nisikuambie kuwa amelia.

Nimekuambia. Kaa salama, na unisalimie wanao wa huko.

Ni mimi,
Mama Nkwimba