Unyevu Kwenye Koti la Sylvanus

Kyebando, 9 Aprili 2024

Shemeji Wandera,

Samaki wa kaka yako Sylvanus wako hai. Tangu tulipomzika, nimefunga dirisha la chumba chao wasipate baridi, nikaondoa mifuniko ya matangi ya vioo wapate hewa. Kumbe nilikosea. Mvuke umejaa, ukuta unatoa jasho, na nguo zake nilizotundika humo mpaka mje kuzigawa zimeota ukungu. Mwenye nyumba alicheka: "Nnyabo, mama wee, humu umeleta ziwa lote?"

Sasa nimerudisha mifuniko na dirisha liko wazi, ila koti la harusi yetu siwezi kulifua. Bado lina harufu yake, na kila asubuhi naona doa limepanuka.

Njooni upesi. Siku ya kugawa, nikumbukeni kwa koti hilo.

Namalwa