Umande wa Mama Zablon

Unakumbuka Mama Zablon alivyoniuliza, "Kila asubuhi unafunua majani ya mtama, unamtafuta marehemu mumeo humo?" Na wewe ulicheka, usikatae.

Mama Violeth, leo nimemkatiza ushuhuda kanisani. Mimi! Katikati ya ibada!

Alisimama akasema mvua imekata, mashamba ya wenzake yamefifia, ila mtama wake unang'aa, umande wa Bwana hauondoki hata kwa jua la saa saba. Watu wote, "Haleluya!" Akainua na jani tulione.

Lilikuwa linamnata vidoleni. Nililiona kabisa.

Nikajikuta nimesimama. "Mama Zablon, huo si umande. Ligeuze."

Mwinjilisti akaniambia, "Mama Ruthu, ushuhuda wa mtu haukatizwi." Mama Zablon naye, "Mwacheni, ni wivu wa mjane." Wivu wa mjane, mbele ya kanisa zima!

Lakini shamba lake na langu yametenganishwa na kinjia tu, ningenyamaza mpaka lini? Nikamwambia, "Haya, wivu ninao. Ligeuze."

Akaligeuza. Vidukari, Mama Violeth. Wamebanana chini ya jani mpaka limekuwa njano, na wengine wameshaota mabawa, tayari kuhamia kwangu. Ule mng'ao wote ni uchafu wao.

Haleluya zikakatika. Ee Mungu, nisamehe kama nilikosea pa kusemea.

Alinitazama, akajifuta vidole kwenye kanga, akatoka nje, akashika njia ya shambani.