Kabichi ya Maji Niliyoileta Mimi

Samuye, Jumamosi, 9 Oktoba 1954

Jua kali, vumbi tupu, na mimi nina hasira tangu asubuhi.

Leo tena kijiji kizima tumeingia kwenye lambo letu kung'oa ile kabichi ya maji, mmea unaoelea. Ni Jumamosi ya tatu. Tunajaza matenga, tunaimwaga juani, na ikifika Jumatano maji yamefunikwa upya. Ng'ombe husukuma majani kwa pua ndipo wanywe.

Tulipopumzika, mwanangwa, mkuu wetu wa kijiji, alimnyooshea kidole Mama Luhende, aliyehamia hapa mwaka huu kutoka Kharumwa, kwenye machimbo ya dhahabu.

"Huko kwenu kwenye dhahabu ndiko mnakofuga kabichi za maji?"

Watu wakacheka. Kisha akasema ndiye aliyeuleta mmea huo, akamkataza kuchota hapa. Lambo jingine liko nyuma ya kilima, na Mama Luhende ana mtoto mchanga mgongoni. Alichukua debe lake tupu akaondoka. Hakuna aliyemtetea.

Wala mimi.

Mmea ule niliuleta mimi. Mwezi wa nane, maji yetu yalipopungua, nilichota nyuma ya kilima. Sote hutia majani juu ya maji ili yasimwagike njiani. Siku ile nilitia kabichi hiyo inayoota huko kwa sababu ilinipendeza, na haiachi uchungu kama majani ya mti. Kesho yake nikasuuza debe kwenye lambo letu, na kichipukizi chake kidogo kama ukucha kikaelea. Nilikiona. Nikakiacha. Baadaye mwalimu akatufundisha kwamba mmea mmoja huzaa mingine hata bila mbegu.

Nilimwambia mama mchana.

"Nyamaza, Kabula. Ukisema, sisi tutachota wapi? Mpelekee Mama Luhende debe moja la maji, yaishe."

Yaishe! Nikapeleka, nimefura hata nusu ya maji yakanimwagikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ng'wana wane. Mwanangu, kweli wewe umefundishwa."

Neno hilo limenichoma kuliko vile vicheko. Namkasirikia mwanangwa. Namkasirikia mama, Mungu anisamehe. Lakini zaidi najikasirikia mwenyewe, kwa kusimama pale na tenga mikononi kama asiyejua kitu.

Kesho baada ya ibada mwanangwa atakuwa na mkutano. Nitasimama niseme ni mimi. Nitasema pia kila debe likung'utwe na kusuguliwa mahali pakavu kabla ya kufika majini, la sivyo tutang'oa mpaka tuzeeke. Huenda hata mtu mmoja akasikia.

Keshokutwa sijui nitachota wapi. Lakini nitasema.