Radjabu na chupa za chini ya kitanda

Saliha, keti kwanza. Radjabu, mume wa Mwanasiti, amegoma kutoka chini ya kitanda!

Unajua zile figo zake. Daktari alisema vikombe vitatu vya maji kwa siku, zaidi ya hapo yatamjaa mapafuni. Mwanasiti anampimia, miguu inazidi kuvimba. Wiki nzima anamlaumu daktari!

Leo asubuhi bunduki zikalia huku Kanyosha. Mwanasiti akajitupa chini ya kitanda, mumewe nyuma. Kichwa cha Mwanasiti kikagonga chupa. Chupa za Fanta, Saliha! Kumi na moja, zote tupu!

Risasi zinapita juu ya bati, yeye anahesabu chupa!

"Baba Khaled, ni nini hii?" akamuuliza mumewe.

"Wageni waliniletea, mama. Kukataa ni kuwatukana!"

"Na wageni walikunywesha huku chini?"

Bunduki zilinyamaza saa tatu. Sasa ni saa saba, watu wamerudi sokoni, mzee yuko palepale. "Apana, bado wanapiga!"

Mwanasiti akakata limau, akamsukumia kipande kwa fagio. "Nyonya, kiu itapungua. Kikombe chako cha pili mi niko nacho huku nje."

Mkono ukatoka, ukachukua limau, ukarudi. Mwenyewe bado.