Mwanya Niliouziba

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Habari za nyumbani, na shemeji, na wale watoto wenu wavunja vikombe? Kikohozi chako kimepona? Mimi mzima wa mwili. Nilitaka kukueleza haya kwa simu, lakini kila nikisikia sauti yako naishia kuulizia watoto na mvua. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Meno yameshika vizuri. Unakumbuka nilivyoteleza kwenye ngazi za hoteli, meno mawili ya mbele yakabaki sakafuni, na miezi yote ile niliyokaa mapokezi nikikaribisha wageni huku nimeziba mdomo kama mwizi wa sukari. Daktari alinipandikizia skrubu ndogo kwenye taya, tukasubiri mfupa uzishike, ndipo akaweka meno juu yake. Sasa natafuna hata muwa, na hayalali kwenye glasi kama yale ya marehemu babu.

Ndipo nikaja kumwona Mama. Uliingia ukitoka kufundisha, ukamwambia kitinda mimba wake amefika, naye akanitazama usoni akasema hanijui. Binti yake ana mwanya, alisema, huyu mgeni hana. Ulipomuuliza kama anaumwa kichwa, akajibu umuulize mgeni. Nilikuona ulivyonywea. Tangu siku hiyo umemficha mkasi, umefunika cherehani, wateja wameambiwa fundi amepumzika. Na juzi ukanieleza kwamba unamtafutia mtu wa kumchunga, maana anayemsahau mtoto aliyemzaa atasahau pia jiko linawaka. Nami nikaitikia. Nikasema uzee ni uzee.

Dada, Mama hajasahau kitu.

Nilikuambia daktari alisema meno ya kupandikiza hayawezi kuachiwa mwanya. Nilikudanganya. Daktari aliniomba picha ya zamani, nikampelekea ile tuliyopiga mimi, wewe na Mama, tunacheka, mianya yetu yote mitatu nje. Akausifu mwanya, akauliza auache na upana gani. Nikamwambia auzibe. Kazini walikuwa wakiniita Mlango Wazi, nami nikatamani kufanana na wale wa kwenye matangazo. Nikamwambia, Mungu anisamehe, kwamba ule ni ubovu wa meno wa kwetu.

Asubuhi ile kabla hujafika, Mama alikuwa anapinda sketi ya mteja. Aliniuliza mwanya uko wapi. Yeye sikuweza kumdanganya, nikamweleza yote, mpaka hilo neno la ubovu. Hakunigombeza, aliendelea kupinda tu. Ulipoingia ndipo akanirushia kijembe chake, nawe ukakiona ugonjwa. Neno moja langu lingetosha, nikalimeza. Mama naye mpaka leo hajajitetea, na najua kwa nini: anangoja niseme mimi.

Naona haya, Dada, haya ya kukosa pa kuficha uso. Nimeacha mama yetu aonekane amepotewa na akili ili mimi nisionekane mwongo.

Mrudishie mkasi wake leo, kabla hata ya kunijibu. Hao wateja waambie fundi yupo. Mimi nigombeze utakavyo.

Msalimie sana shemeji, wabusu watoto. Mama usimpe salamu zangu. Nitamletea mwenyewe Jumamosi, kama atakubali kunifungulia.

Ni mimi,
mdogo wako