Siku Maji Yalipotoka Wodi ya Wazazi

Jumamosi. Mvua imenyesha asubuhi ikakatika, na sasa ziwa limetulia kama halijawahi kumtapisha mtu. Nimekaa barazani, miguu nimeitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto, na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Basi naiweka hapa.

Maji yametoka wodi ya wazazi.

Kwa msiopita hapa mara kwa mara: mimi ni muuguzi mkunga, mtu wa Makete niliyekulia kwenye baridi, nikaletwa na ajira kwenye zahanati ya kijiji kimoja cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mbele ya kijiji cha Mwamgongo. Ukitaka kuja kwetu unapanda boti Kibirizi, gati la Kigoma mjini, unabanana na magunia na kuku, na unashuka mguu ukiwa majini.

Wodi yetu ilijengwa kwa fedha za mkopo ambao serikali iliuchukua nje kwa ajili ya huduma za vijijini. Kuta zikasimama, rangi ikapakwa, mabomba yakafungwa ukutani. Fedha ya kumalizia haikuja, mafundi wakaondoka kabla ya kuvuta maji. Tukaanza kuitumia hivyohivyo. Mama akishikwa na uchungu, ndugu zake wanateka maji ziwani kwa ndoo.

Miezi kadhaa iliyopita, kamati ya Bunge inayofuatilia mikopo ilikuja Kigoma. Mimi na mganga mfawidhi tuliitwa mjini, tukakalishwa nyuma ukumbini. Kabla ya kuanza, injinia wa halmashauri alinisogelea.

"Sista, ukiulizwa, sema huduma zinaendelea."

Nikasema sawa. Hakunitisha. Alikuwa na sauti ya mtu ambaye mwenyewe anaogopa, na mimi nilikuwa naogopa zaidi yake. Nasomesha wadogo zangu kwa mshahara huu.

Picha ya wodi yetu ikatokea ukutani, inang'aa, na chini yake imeandikwa kwamba imekamilika. Watu wakawa tayari kwenda kwenye picha inayofuata. Ndipo mbunge mmoja, mama wa makamo kutoka mkoa mwingine, akanyoosha mkono.

"Jengo lenyewe liko wapi?"

"Mbali kidogo, Mheshimiwa. Ni mpaka boti," injinia akajibu.

"Boti zipo?"

"Zipo."

"Basi twende. Mkopo huu ulipita bungeni, na mimi ni mmoja wa waliosema ndiyo. Siwezi kuukagua kwa kuangalia ukuta."

Wenzake wengine walitazamana, lakini mwenyekiti wa kamati akakubali. Tukaondoka Kibirizi na upepo ukiwa umeshaanza. Yule mama hakuwa mtu wa maji. Alinishika mkono njia nzima, akatapika, akajifuta, akaomba radhi, akatapika tena. Nilitegemea wakati wowote aseme turudi. Hakusema.

Tulipofika, alikwenda moja kwa moja kwenye sinki na kufungua bomba. Bomba likatoa pumzi. Hakuna kitu.

"Sista, huwa mnafanyaje?"

Nilimtazama injinia. Akainamia viatu vyake vilivyolowa. Lile jibu nililopewa lilikuwa mdomoni, nimelifanyia mazoezi tangu asubuhi, na nakiri hapa kwamba nilitaka kulitoa. Ila mlangoni alikuwa amesimama Mama Bukuru, mama wa pacha, aliyekuja kliniki na mimba nyingine bado changa, kadi ya wajawazito mkononi. Ananifahamu. Angenisikia.

"Tunateka ziwani, Mheshimiwa," nikasema. "Mimi nanawa kwenye beseni. Kuna mama alipata maambukizi baada ya kujifungua humu, tukamkimbiza mjini kwa boti. Alipona, lakini ilikuwa kidogo tumpoteze."

Nikajua ajira yangu imekwisha.

Mama Bukuru akaingia ndani. Akapiga magoti kidogo kama wanavyosalimia huku, kisha akauliza, "Huo mkopo wanaousema, ataulipa nani?"

"Wewe na mimi, mama," mbunge akajibu. "Na huyo uliyembeba, akikua."

Mama Bukuru akashika tumbo.

"Basi mpeni maji yake."

Halafu injinia, ambaye nilikuwa nimeshamhesabu kuwa adui, akainua kichwa.

"Anachosema sista ni kweli. Taarifa tuliyowasomea asubuhi si sahihi. Tuliomba fedha ya kumalizia hatukupata, tukaogopa kwamba tukisema jengo halijaisha, tutanyimwa na mradi unaofuata."

Nilidhani yule mbunge atamfokea mbele ya watu. Alisema tu, "Asante. Sasa nina cha kwenda kuuliza."

Na aliuliza. Diwani wetu alitupigia simu siku kamati ilipowaita watu wa Wizara ya Fedha na kuwataka waeleze majengo yaliyoishia njiani. Kamati ilisema haitaunga mkono mkopo mpya wa majengo kama haya mpaka yaliyoanzwa yamalizike. Mimi nilisikiliza kwa shukrani, lakini kusema kweli sikuamini. Nimeshasikia maneno mengi mazuri. Niliendelea kununua mabeseni.

Kumbe safari hii maneno yalikuwa na miguu. Fedha ikaja. Mafundi wakashuka ufukweni na pampu, tangi na sola, wanakijiji wakavibeba bila kuombwa. Injinia alikuja nao. Hajahamishwa, wala mimi sijahamishwa. Siku ya kwanza tulisalimiana kwa aibu. Siku ya pili alikula ugali na dagaa kwangu.

Leo asubuhi Mama Bukuru amejifungua mtoto wa kike.

Nimenawa mikono kwa maji yanayotiririka, nikamuogesha mama, nikafua shuka palepale. Mama mkwe wake alifungua bomba akasimama nalo.

"Bibi, funga, maji yataisha," nikamwambia.

"Acha kwanza niyasikie," akasema. Kisha akanigeukia, "Mwakoze," kwa Kiha, ndiyo asante yao, akiwa amenishika mikono yangu yote miwili. Nilitamani shukrani ile ingefika kwa yule mama aliyetapika njia nzima kuja kuona alichokipitisha. Ningempigia, ila simjui kiasi hicho. Kwa hiyo namshukuru hapa, hata asiposoma. Namshukuru na injinia, kwa sababu ukweli wangu mimi ulikuwa wa kuulizwa. Wake aliutoa mwenyewe.

Jioni hii mkunga mwenzangu wa kijiji cha pili amenipigia. Wodi yake bado haina maji. Anataka kwenda kulisema kwenye baraza la madiwani na anaogopa kusimama peke yake. Alikuwa anazungukazunguka, hataki kuniomba moja kwa moja.

Nimemwambia anishikie nafasi kwenye boti ya Jumatatu.